Valvu za Zamani za Amplifaya: Ipi Ununue Kwanza

Ukitafuta valvu za zamani, yaani vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti ndani ya amplifaya, usinunue jina. Jina ni wino tu. Viwanda vya Ulaya viliuziana valvu, kila kimoja kikapiga chapa yake juu ya kazi ya mwenzake, ndiyo maana valvu yenye nembo ya kampuni ya Ujerumani huenda imetoka kiwanda cha Mullard, Blackburn, Uingereza. Bei nzuri zimejificha hapo.

Kwa ECC83, valvu ndogo ya kukuza sauti (Wamarekani huiita 12AX7), namba moja kwangu ni ya familia ya Philips, ambayo Mullard ni mmojawapo, yenye nembo isiyo na umaarufu, iliyotumika lakini imepimwa. Ishike chini ya taa, iinamishe taratibu, utazame kioo karibu na pini. Utaona mistari miwili midogo ya kijivu. Wa juu ni aina, mathalani I63. Wa chini ukisomeka B4C2, B ni Blackburn, 4 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, C ni Machi, 2 ni wiki ya pili. Mahali pa B pakiwa na pembetatu, imetoka Heerlen, Uholanzi. Mimi huisoma hiyo kabla sijauliza bei.

Ya pili ni Telefunken ya Ujerumani. Ni tulivu na sauti yake ni safi, ila unalipia sifa pia. Geuza chini: katikati ya pini kuwe na alama ya almasi iliyofinyangwa kwenye kioo chenyewe. Isipokuwepo, usilipe bei ya Telefunken.

Ya tatu ni valvu mpya ya JJ, kiwanda cha Slovakia. Haina historia, lakini inafanya kazi.

Kwenye EL84 mpangilio unageuka, na JJ mpya inashika nafasi ya kwanza. Valvu hii ndiyo inayosukuma spika, inafanya kazi kwenye joto kali na inachakaa. Niliwahi kununua mbili kuukuu, muuzaji akaapa ni jozi, yaani zinalingana. Dakika chache baada ya kuwasha, bamba la moja (kile chuma cha ndani ya kioo) likawa jekundu kama kaa la moto, kwa sababu ilikuwa inavuta umeme mwingi kuliko mwenzake. Tangu siku hiyo nadai namba za vipimo. Kwa volti 250 kwenye bamba na hasi 7.3 kwenye gridi (waya wa ndani unaodhibiti umeme), EL84 nzima huvuta kama miliampea 48. Mbili zenye 46 na 48 ni jozi. 38 na 52 si jozi, hata zikitoka boksi moja.

Jina la Mullard siku hizi hupigwa pia kwenye valvu mpya za Saratov, Urusi. Si mbaya, ila zisiuzwe kwa bei ya Blackburn.

Nafasi ya mwisho naiweka valvu "mpya ya zamani", yaani iliyotengenezwa zamani lakini haijatumika, isiyopimwa. Boksi halithibitishi chochote. Tazama juu, ndani ya kioo: rangi ya fedha inang'aa? Ikigeuka nyeupe kama tui, hewa imeshaingia na valvu imekufa.

Na soma namba ya aina mara mbili. ECC81 na ECC82 zinaingia soketi ileile, lakini ECC83 hukuza mara 100, ECC81 kama 60, ECC82 haifiki 20.