Kamera ya kwanza ya kupigia Safari Rally: ipi ununue, ipi uiache dukani

Gari la rali likishuka Kedong, moja ya njia za mbio huko Naivasha, kwa kilomita 120 kwa saa hukata mita 33 kila sekunde. Kamera inayopiga picha 3 kwa sekunde italinasa mara moja, halafu litakwenda mita 11 kabla ya picha inayofuata. Ndani ya mita hizo ndimo gurudumu huinuka na vumbi likafumuka, na wewe unabaki mikono mitupu. Kamera ya picha 8 kwa sekunde inakuachia pengo la mita 4 tu. Laiti mtu angenipigia hesabu hiyo kabla sijanunua kamera yangu ya kwanza.

Mimi nilinunua megapikseli. Muuzaji alinifungulia sanduku jipya: megapikseli 24, lenzi fupi ya milimita 18-55, na begi la bure. Nikaenda nayo Naivasha, nikasimama nyuma ya utepe mahali mamarsho (wasimamizi wa njia) waliponielekeza, nikarudi nyumbani na picha nzuri sana za Bonde la Ufa zenye kidoa cha rangi katikati. Kidoa hicho ndicho gari. Ukikikuza unaona mende aliyepakwa stika.

Kwa hiyo mimi hupanga hivi: lenzi kwanza, uwezo wa kamera kufuata kitu kinachokimbia pili, megapikseli mwisho kabisa. Watazamaji huwekwa mbali na njia, na ni haki yao kuwekwa mbali, kwa hiyo lenzi isiyofika milimita 200 haitakusaidia. Ukiwa na pesa za kubana, zigawe nusu kwa nusu kati ya kamera na lenzi, na usione haya kununua mtumba.

Namba moja kwangu ni Canon EOS 7D, ile ya mwaka 2009. Ndiyo, ni ya zamani. Ina megapikseli 18, inapiga picha 8 kwa sekunde, ina pointi 19 za kulenga, na mwili wake wa magnesi umezibwa dhidi ya vumbi na unyevu. Ubaya wake unajulikana: ukipandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) kupita 1600 picha inaanza chenga. Lakini hapa mbio nyingi ni za mchana, na kwa jua la Naivasha saa nne asubuhi hutavuka ISO 400. Watu wanaiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu ya ugonjwa ambao wewe hautakupata. Iolee lenzi ya Canon 55-250 yenye herufi STM. Zile za zamani zenye namba hizohizo mota yake ni ya uvivu. Kwenye kamera hii, milimita 250 inavuta kitu karibu kama 400.

Mtego wa 7D ni memori kadi. Haitumii SD, inatumia CompactFlash, na kuipata kadi hiyo pamoja na kisomeo chake ni kuzunguka mji mzima. Mwambie muuzaji aviweke vyote viwili ndani ya bei. Ukikutana na 7D Mark II ya 2014 kwa bei inayokaribiana, ichukue: picha 10 kwa sekunde, pointi 65, na SD inaingia.

Namba mbili ni Nikon D7200 ya 2015. Picha 6 kwa sekunde, pointi 51, nafasi mbili za SD, na gizani inaishinda 7D kwa mbali. Kama na harusi za usiku utapiga (wengi wetu kodi ya nyumba inalipwa na harusi, si na rali), basi ipandishe iwe ya kwanza. Usiuziwe D7100 ukidhani ni mamoja; ile ukiibana mfululizo hushikwa na kigugumizi baada ya picha chache. Lenzi yake ni 70-300 yenye herufi VR, yaani inayopunguza mtikisiko. Zenye herufi AF-P ni nzuri pia, ila ukizifunga kwenye Nikon za zamani kama D90 au D7000 hazilengi kabisa.

Ya tatu, Sony a6000 ya 2014. Kwenye karatasi inawapiga wote: picha 11 kwa sekunde, nyepesi, inaingia mfuko wa koti. Shida ni kwamba haijazibwa, betri yake ni ndogo, na ukitoa lenzi sensa (bamba linalopokea picha) inabaki wazi. Kwa mbio za lami sina neno. Kwa fesh-fesh ya Kedong, lile vumbi laini kama unga wa ngano, mimi siipeleki.

Mpya dukani iko Canon R10 ya 2022. Picha 15 kwa sekunde, na inalitambua gari na kulifuata yenyewe. Nimeiweka mwisho kwa bei tu. Kama una ndugu ughaibuni mwenye moyo, umeshamaliza kutafuta.

Ukienda kukagua mtumba, uliza shata (pazia linalofunguka kila picha inapopigwa) imepiga mara ngapi. Kwa Nikon namba hiyo imefichwa ndani ya faili la picha. Kwa 7D utahitaji programu ya kompyuta. Shata za 7D na D7200 zilipimwa kwa mara 150,000, hivyo 60,000 si uzee. Mulika lenzi kwa tochi ya simu: ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, hasa kwa lenzi zilizoishi Pwani. Irudishe. Weka f/16 (tundu dogo la lenzi), piga anga tupu, utazame madoa ya vumbi kwenye sensa. Kisha toka nje ya duka ufuate bodaboda tatu zikikujia. Muuzaji anayekataa usitoke nje, mwachie kamera yake.

Lenzi ile ya 55-250 haijazibwa, na kutembea na mfuko wa plastiki Kenya kulikwisha mwaka 2017. Mimi hutumia kofia ya kuogea, ile yenye lastiki: naivisha kamera, natoboa tundu la lenzi. Na lenzi sibadilishi tena uwanjani. Nilibadilisha mara moja kwenye njia ya Sleeping Warrior, dakika haikuisha gari likapita, na picha zote za alasiri hiyo zina nzi saba wa vumbi angani, walewale, mahali palepale. Tangu 2024 mbio zimehamia Machi, mvua nayo imo, kwa hiyo kofia zangu sasa ni mbili.