Mizani ya gramu 200 kwa maabara ya shule: tarakimu ya mwisho inaaminika kiasi gani?

Nimeitumia mizani hii ya kidijitali kwa muhula mzima katika maabara ya kemia ya shule ninayofundisha hapa Tanga, na naona ni wajibu kueleza inachoweza na isichoweza, kwa kuwa walimu wenzangu wengi wanafikiria kununua ya namna hii badala ya kusubiri mizani kubwa ya maabara ambayo bei yake haifikiki. Niliipata kwa shilingi 65,000 katika duka la vifaa vya umeme, Ngamiani. Hukaa kiganjani, hutumia betri mbili ndogo, hubeba hadi gramu 200, na kioo chake huonyesha nafasi mbili za desimali. Muuzaji alinihudumia kwa subira kubwa, akaniacha niijaribu juu ya kaunta kwa zaidi ya robo saa. "Mwalimu," aliniambia, "hii inasoma mpaka pointi mbili, huna haja ya kuagiza Dar." Ni kweli inasoma. Nilichotaka kujua ni kama kila kinachosomeka kimepimwa.

Niliazima jiwe la mizani la gramu 100, nikalipima mara kumi, nikiliondoa na kulirudisha kila mara. Majibu yalikuwa kati ya 99.97 na 100.03. Kwa mizani ya bei hii nimeridhika, kwa sababu kanuni ya tarakimu za maana inaturuhusu kuandika tarakimu zote tulizo na hakika nazo pamoja na moja ya shaka, mradi hiyo ya shaka iwe ya mwisho, na hapa nafasi ya pili ya desimali ndiyo hiyo. Lakini jaribio hilo nililifanya madirisha yakiwa yamefungwa. Mchana, upepo wa bahari unapoingia darasani, hata nafasi ya kwanza ya desimali hucheza, na katika hali hiyo hakuna haki ya kuandika zaidi ya 100.0. Nimelitatua tatizo kwa kuifunika mizani kwa boksi la plastiki linaloonyesha ndani, na ninamshauri kila atakayeinunua afanye hivyo.

Udhaifu wake halisi huonekana katika vipimo vidogo. Tunapoandaa mmumunyo wa sodiamu kaboneti wa moli 0.0500 kwa lita (moli ni kizio cha wakemia cha kiasi cha dutu), tunahitaji gramu 5.30 kwa lita moja, kwa kuwa moli moja ya chumvi hiyo ina gramu 106. Ili kubana matumizi, vikundi vingi hupenda kutengeneza robo lita, yaani kupima gramu 1.33 tu. Kwenye daftari vipimo vyote viwili vina tarakimu tatu za maana, na mwanafunzi huona viko sawa. Haviko sawa. Gramu 0.03 za kuyumba ni chini ya asilimia 1 ya gramu 5.30, lakini ni zaidi ya asilimia 2 ya gramu 1.33, hivyo mmumunyo wa robo lita unaweza kuwa popote kati ya 0.049 na 0.051. Baada ya hapo mwanafunzi husoma bureti, mrija wenye alama za kupimia ujazo wa kimiminika, kwa uangalifu, akapata sentimita za ujazo 24.80, tarakimu nne safi, kisha akanakili kila kilichotokea kwenye kikokotoo chake. Katika kuzidisha na kugawanya, jibu hubeba tarakimu za kipimo kilicho dhaifu zaidi, na katika maabara yetu kipimo hicho ni mizani. Tangu nilipoligundua hili, tunatengeneza lita moja kwa darasa zima na kugawana.

Kasoro iliyonisumbua kuliko zote ni kitufe cha kubadili vizio, kilichowekwa pembeni kabisa mwa kile cha kurudisha sifuri. Kidole kikiteleza, gramu hugeuka karati au wakia bila mlio wowote. Kikundi kimoja kilipima gramu 4.00 za chumvi ya mezani kikaandika 20.00, kwani karati moja ni gramu 0.2 kamili. Kosa la kizio lilirekebishika kwa kuzidisha. Lililonishughulisha zaidi ni ile sifuri ya ziada. Gramu 4.00 zina tarakimu tatu za maana, nazo karati 20.00 zina nne, ilhali hakuna mtu aliyepima kwa makini zaidi. Kubadili kizio hakuongezi ujuzi wetu juu ya kitu, kwa hiyo jibu lilipaswa kuandikwa 20.0. Wala hakupunguzi: sentimita za ujazo 24.80 zikigeuzwa lita huwa 0.02480, na tarakimu za maana hubaki nne, kwa sababu sifuri za mbele huonyesha mahali pa nukta tu. Niliwaeleza wanafunzi kwa mfano wa pishi na kibaba. Pishi ni vibaba vinne kwa makubaliano, na hiyo nne haina shaka yoyote. Shaka imo katika mkono uliojaza kibaba.

Sikulichukulia jambo la vizio kwa wepesi. Mwaka 1983 ndege ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu uzito wa mafuta ulihesabiwa kwa ratili badala ya kilo, ikalazimika kutua Gimli, nchini Kanada, bila injini.

Mengine ni madogo. Mizani hujizima baada ya dakika moja, mara nyingine mwanafunzi akiwa bado anaongeza unga kwa kijiko, na uzito wa bika, yaani chombo kinachobeba unga, uliokwisha kutolewa hupotea. Haifai kwa biashara, ambako mizani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Jiwe la kuisahihishia halimo kwenye boksi.

Kwa kazi ya kidato cha tatu na cha nne, nainunua tena bila kusita, kwa sharti kwamba kipimo kisipungue gramu 5. Kitufe cha vizio nimekifunika kwa gundi ya karatasi. Nimekwisha kumwomba muuzaji aniagizie ya pili pamoja na jiwe lake la gramu 100, naye ameniahidi mzigo ujao.