Kozi ya utangulizi wa mifumo ya taarifa za biashara: nilichokipata mimi mtu wa duka, Arua Park

Jamani nimemaliza hii kozi semista iliyopita, chuo kimoja hapa Kampala, programu ya jioni, na tangu nimalize kila anayenijua ananiuliza kama ni ya maana au ni ya kula ada ya bure. Nimeona niandike mara moja. Ni ya maana, tena sana, ila kuna sehemu zilinikera na hizo pia nitazisema bila kuficha.

Kwanza mjue natokea wapi. Nafanya kazi kwa mjomba wangu, ana duka la vifaa vya ujenzi pale Arua Park, katikati ya Kampala, mabati, misumari, rangi, vitasa, bawaba, nondo kidogo. Wanaopajua wanajua, mabasi na malori ya West Nile, yaani kaskazini-magharibi mwa Uganda, na ya Juba yanapakia hapo, kwa hiyo wateja wetu wengi ni wa Arua na Koboko, wengine wanakuja kutoka Sudan Kusini, wengine Ariwara upande wa Congo, na pale kaunta Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, Mlugbara, Mkakwa, Mnubi na Mkongo wote wanaelewana. Asubuhi mpaka saa kumi niko dukani, saa kumi na moja na nusu niko darasani. Ndio maisha yangu ya miaka miwili sasa.

Hii kozi ni ya lazima kwa watu wa mwaka wa kwanza wa biashara, na wengi tuliingia tukidhani ni kozi ya kompyuta, yaani kuandika barua na kupanga slaidi. Na wiki tatu za kwanza kusema kweli zilikuwa hivyohivyo, vizazi vya kompyuta, kibodi ni kifaa cha kuingiza, printa ni kifaa cha kutoa, mambo ambayo wengi wetu tulishayasoma sekondari. Noti zenyewe zilikuwa fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia, zingine bado zinafundisha disketi. Mtu ambaye ametoka kazini amechoka, amepanda boda kwenye foleni na mvua, ukimpa disketi anasinzia, na kweli darasa lilianza kupungua.

Wiki ya nne mambo yakabadilika. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole ila kwenye kazi hana mchezo, akaingia bila projekta, akatuambia mfumo wa taarifa ni watu, utaratibu wao wa kazi, data yao, na vifaa wanavyotumia, na kwamba hata kaunta buku ya dukani ni mfumo wa taarifa, kazi yetu ni kujua kama ni mfumo mzuri au mbovu. Akatupa asainimenti, kila mtu achague biashara anayoijua, afuate mauzo ya kitu kimoja tu kutoka mteja anapoingia mpaka pesa inapohesabiwa jioni, achore kila mahali taarifa inapopita, nani anaiandika, nani anaisoma, inakaa wapi.

Mimi nikachagua mabati. Nikachora kwenye karatasi ya manila, mteja anaagiza, karani anaandika kaunta buku, mteja analipa kwa mobail mani, mtu wa stoo anatoa mabati, tanboi, yaani utingo wa lori, anapakia. Nikaona nimemaliza vizuri kabisa. Mwalimu akaja akasimama juu ya karatasi yangu akauliza swali moja: ujumbe wa malipo unaingia kwenye simu ya nani?

Unaingia kwenye simu ya mjomba. Na mjomba Ijumaa mchana yuko msikitini na simu ameizima. Sasa saa ile mteja anasema nimeshalipa, lori linapiga honi, karani hana njia ya kujua, ama anamwamini anaachia mzigo ama anamkasirisha anamwambia ngoja mzee arudi. Nilikaa pale nikakumbuka Ijumaa zote ambazo hesabu ilikuwa haifungi na sisi tunaangaliana vibaya, kila mmoja anamshuku mwenzake, kijana mmoja mpaka aliacha kazi kwa sababu ya hayo maneno. Wallahi lile swali liliniuma. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye mchoro miaka yote na hakuna mtu aliyewahi kuuchora.

Nilimwonyesha mjomba ile manila usiku uleule. Hakusema kitu muda mrefu, akafuatisha mishale na kidole, alafu akasema kesho tutafute laini ya biashara ikae kaunta. Kwangu hiyo peke yake ilirudisha ada ya semista.

Sehemu ya pili iliyonifaa ni databesi, yaani data iliyopangwa kwa utaratibu ili uipate haraka. Wengi wanaiogopa kwa sababu ya maneno, jedwali, ufunguo mkuu (alama moja inayomtambulisha kila mtu peke yake), uhusiano, na mwalimu alitueleza wazo lenyewe la kupanga data kwenye majedwali lilitoka kwa Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM, mwaka 1970, ila lililonifungua macho ni daftari letu la madeni. Tuna mteja mmoja mama wa Ariwara, ananunua sana, anakopa na analipa. Karani wa kwanza alimwandika Mama Ariwara. Karani wa pili akamwandika Mama Congo. Mimi mwenyewe nilikuwa namwandika kwa jina la mtoto wake mkubwa. Kurasa tatu, mtu mmoja, na siku anayolipa inategemea nani yuko kaunta, deni linafutwa ukurasa huu na kule kwingine linabaki linamdai. Aliwahi kugombana na sisi na tulimwona yeye ndiye mwenye makosa.

Nikapendekeza darasani tutumie namba ya simu iwe ufunguo wake. Mwenzangu mmoja akasema je, kama huyo mama ana laini ya Uganda na ya Congo, na akibadilisha je? Tukabishana vizuri sana siku hiyo, mwingine akasema kitambulisho, nikamwambia wateja wetu wengine vitambulisho ni vya nchi nyingine na wengine hawatembei navyo. Mwisho mwalimu akasema basi duka limpe namba yake lenyewe, isiyobeba maana yoyote nje ya duka, isiyobadilika hata akihama au akiolewa. Kitu kidogo namna hiyo, lakini ukikielewa unaelewa nusu ya databesi.

Mifano ya vitabuni mingi ni ya Marekani, Walmart na kadhalika, na hapo naona waandaaji wa kozi wangejitahidi zaidi, mwanafunzi ambaye kila siku anapita Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, anaona mzigo wa dunia nzima ukibadilishwa mikono kwenye kichochoro, mbona usimtolee mfano wa hapo? Ila mmoja wa huko ulinigusa, ule wa American Airlines na IBM kutengeneza SABRE, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi nafasi za ndege, miaka ya 1960, kwamba kabla yake nafasi za ndege zilikuwa zinatunzwa kwa kadi na makarani wanazipekua kwa mkono. Niliufurahia kwa sababu mimi nimewahi kukata tiketi ya basi la usiku la kwenda Arua nikakuta kiti changu kina mtu, na yeye ana tiketi ya kiti hichohicho, zote zimeandikwa kwa kalamu na makarani wawili tofauti. Nilisimama mpaka Karuma. Nilivyosoma hiyo habari ya ndege nikajua kilichonipata kina jina na kina dawa ya miaka mingi.

Wiki ya EFRIS, yaani mfumo wa risiti na invoisi za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ndiyo darasa lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mnakumbuka Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka, na EFRIS ilikuwa moja ya malalamiko makubwa. Darasani kulikuwa na watu wa maduka kama mimi na kulikuwa na mmoja anafanya kazi ofisi ya mhasibu, kwa hiyo tulibishana kwa joto. Mwalimu hakutetea upande wowote, alituchorea tu inavyofanya kazi, kwamba risiti au invoisi inapata namba yake na msimbo wa QR wa kuskani, taarifa inaenda URA wakati uleule, na stoki lazima iwe imeingizwa kwenye mfumo kabla hujaiuza. Akatuuliza, je mtu aliyenunua mzigo wake bila invoisi ataingizaje hiyo stoki? Hapo nikaelewa kwa nini wazee wa maduka walikuwa wanalia, wengine hawakuwa wanakataa kodi, ila mfumo ulikuwa unadai karatasi ambazo biashara yao haijawahi kuwa nazo tangu mwanzo.

Sasa mabaya. Lebu ya kompyuta ni tatizo kubwa na chuo lazima kilisikie hili. Mashine zinazowaka zilikuwa 22 na sisi tulikuwa zaidi ya 70, watatu mpaka wanne kwenye mashine moja, anayeshika mausi ndiye anayejifunza na wengine wanaangalia. Praktiko ya mwisho ya databesi umeme ulikatika saa moja na nusu usiku, jenereta ikachelewa, na waliokuwa hawajaseivu walipoteza kila kitu, dada mmoja mwenye mtoto mdogo nyumbani alilia kabisa kwa sababu ilibidi arudi Jumamosi kuanza upya. Hiyo praktiko ina maksi 15 kwenye kosiweki, yaani alama za kazi za semista kabla ya mtihani. Hauwezi kumpima mtu hivyo. Mimi niliokoka kwa sababu nilikuwa nimenunua laptopu ya mtumba laki saba na betri yake bado inashika, na nawaambia wazi, kama unaweza kupata hata ya kuazima, pata, usitegemee lebu.

Usalama wa data nao ulipewa jioni moja tu. Uganda ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, na sisi madukani tunapiga fotokopi vitambulisho vya watu tunavitupa kwenye droo, hilo lilistahili wiki mbili. Na mambo ya kuweka kila kitu kwenye klaudi, yaani kompyuta za mbali unazozifikia kwa intaneti, yalifundishwa kama vile intaneti haikatiki, wakati sote tunakumbuka Januari 2021 wakati wa uchaguzi ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Niliuliza, mwalimu akakubali, akasema ndio maana nakala ya karatasi ibaki. Natamani lingekuwa kwenye noti na sio kwenye jibu la swali langu.

Mtihani ulikuwa wa haki. Hakuna kukariri sana, walitupa habari ya kliniki moja yenye shida za mafaili ya wagonjwa tukaambiwa tuchore na tupendekeze, aliyekuwa anafanya asainimenti mwenyewe alifurahi, aliyenakili alihangaika. Kazi za kikundi mchague watu wa kazi mbalimbali, kwetu tulikuwa na nesi, mtu wa boda na mwalimu wa praimari na nilijifunza kwao mengi kuliko kwenye slaidi.

Nani achukue? Yeyote ambaye tayari anafanya biashara au anafanya kazi mahali, hata kama kompyuta anaigusa mara moja kwa wiki. Anayetaka kujifunza kutengeneza programu, hii sio yenyewe, aende kwa watu wa sayansi ya kompyuta.

Dukani sasa tuna Excel moja ya wateja na kaunta buku bado ipo pembeni, kila mkopaji na namba yake. Yule mama wa Ariwara ni namba 014. Alipokuja juzi tulimwomba radhi kwa yale ya zamani, tukamsomea deni lake lote kwa pamoja, akatoa daftari lake dogo kwenye mkoba akalinganisha mstari kwa mstari, zikalingana, akaandika 014 juu ya jalada kwa kalamu nyekundu.