Bima ya safari kwa wanaoshuka mapangoni: hii ilinifaa nusu tu

Kabla ya kwenda Slovenia kushuka mapango kwa kamba, nilikata bima ya safari ya wiki mbili katika kampuni moja ambayo wakala wake alinihakikishia kwamba michezo ya nje imo. Usiku wa kuamkia safari niliisoma hati yote, nikakuta kwa maandishi madogo kwamba ajali ya pangoni hufidiwa iwapo tu mgeni anaongozwa kwenye njia zilizofunguliwa kwa umma. Maana yake ningelindwa nikiwa ndani ya treni ya watalii katika pango la Postojna, lakini si nikiwa nimening'inia kwenye kamba. Kwa matibabu ya kawaida na mizigo iliyopotea, bima hiyo ni nzuri na bei yake ni ya haki. Kwa mshuka mapango, siipendekezi.

Jambo la kwanza la kuuliza ni gharama za uokoaji, ambazo aghalabu huhesabiwa mbali na matibabu. Mwaka 2014, mtafiti aliyeangukiwa na jiwe takriban mita 1,000 chini katika pango la Riesending, Ujerumani, alitolewa baada ya siku 11, na zaidi ya watu 700 walishiriki. Helikopta humsubiri majeruhi mdomoni mwa pango; kufika hapo ni kazi ya mikono na machela. Kwa hiyo dai jibu la maandishi linalotaja kamba, kina cha pango na kupiga mbizi. Neno la mdomo la wakala halitoshi.