Plagi ilikatikia kwenye hedi, ikatolewa Grogan: uzoefu wangu

Naanza na bei, maana ndiyo niliyokuwa nikiitafuta nikaikosa kila mahali: shilingi 5,500, siku moja na nusu, na hedi (kifuniko kizito cha juu ya injini, ambamo plagi hufungwa) haikung'olewa. Fundi mwingine alikuwa ameniambia nitenge 25,000: hedi ishuke, ipelekwe kwa watu wa mashine, gasketi mpya, bolti mpya, gari likae wiki nzima.

Gari ni Probox yenye injini ya 1NZ. Hunibebea mayai kutoka Kikuyu hadi maduka ya Kayole na Komarock. Ilianza kutetemeka kwenye foleni ya Outer Ring, taa ya injini ikawaka. Silinda ya tatu haichomi. Kazi ya kubadilisha plagi nne tu, vile vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli, nikadhani. Fundi wa mtaani (simtaji, bado tunasalimiana) alianza kufungua injini ikiwa moto, ndiyo kwanza nimefika. Plagi ya tatu ilipogoma, akavika mkono wa spana bomba ili apate nguvu. Nikasikia "ka!" Kichwa cha plagi kikatoka kikiwa kimenasa ndani ya soketi ya spana, kauri imepasuka vipande, na sehemu yenye nyuzi ikabaki mle ndani imekwama.

Kosa si lake peke yake. Kila Jumapili nilikuwa nawaambia vijana wa kuosha magari waipige injini maji ya presha ing'ae. Maji hayo hutuama kwenye shimo la plagi, ambalo kwenye injini hii ni refu na jembamba, hayana pa kutokea. Plagi ni chuma, hedi ni alumini. Ukiviacha na unyevu miaka mitatu vinang'ang'aniana kama ndugu wa shamba moja.

Tukaivuta hadi Barabara ya Kirinyaga, mtaa wa mafundi na vipuri vya magari jijini Nairobi, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, kwa mzee mmoja niliyeelekezwa na muuza vipuri. Akamulika tochi, akatikisa kichwa.

"Mama, nani ameshika hii?"

"Fundi."

"Alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Siku ya kwanza, kwa kweli, hakufanya mengi. Alifunga mpira mwembamba kwenye mashine ya kufyonza vumbi akatoa vipande vya kauri, akanyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, akaziba shimo kwa kitambaa, kisha akaniambia niende nyumbani. Nilikasirika. Nina trei za mayai zinanisubiri, na huyu ananiambia gari lilale! Nikamuuliza, mzee, sasa nalipia usingizi? Akajibu nalipia mafuta yashuke kwenye nyuzi, na hayashuki kwa kelele.

Asubuhi yake nilisimama hapo hapo nikitazama. Alikuwa na kile chuma cha kung'olea chenye mikunjo ya kinyume: ukikizungusha kuelekea kufungua, kinazidi kujikaza ndani ya kilichokwama. Alikigonga taratibu kikashika, akazungusha kidogo, akarudisha, akaongeza mafuta, akangoja. Mara mbili aliacha kabisa akanywa chai. Alisema chuma hicho ni kigumu sana, kikikatikia ndani hakuna kekee ya kawaida itakayokitoboa, na hapo ndipo utakapoiaga hedi. Baada ya kama saa moja na nusu kukasikika mlio wa kukwaruza, kipande kikaanza kugeuka. Sikuamini macho yangu.

Kilichonishawishi zaidi ni alichofanya baadaye. Wengi wangefunga plagi mpya wakadai hela. Yeye alipaka grisi tapu, kile chuma cha kuchongea nyuzi, ili mabaki ya chuma yanase humo, akasafisha nyuzi, akaingiza kamera nyembamba inayoonyesha picha kwenye simu, akanionyesha juu ya pistoni. Kulikuwa na punje moja ya kauri! Akaifyonza. Kisha, plagi zote zikiwa nje, akatuambia tusogee kando, akapiga stata ili injini iteme kilichobaki. Plagi mpya alianza kuzifunga kwa vidole, akamalizia kwa spana ya kipimo mpaka ikalia "tiki."

Malalamiko ninayo. Hatoi risiti, hesabu yangu iliandikwa kwenye kipande cha katoni. Hakuna pa kukaa, na ukienda na viatu vyeupe shauri yako. Alisema tungemaliza saa nne, tukamaliza saa nane. Plagi pia ilinibidi ninunue mwenyewe, na mtaa ule una za bandia, kwa hiyo nenda na mtu anayezijua au nunua dukani unakokuamini.

Ukienda, fika kabla ya saa mbili asubuhi, injini ikiwa baridi. Likifika moto atakuambia ungoje lipoe, hata umbembeleze vipi. Jumamosi usijisumbue, matatu huwa zimejaa mlangoni kwake.