Halo: Reach, vita ambayo mwisho wake unaujua

Kabla hujabonyeza kitufe chochote, Halo: Reach inakuonyesha kofia ya chuma imelala mavumbini, kioo chake kimetobolewa. Kofia hiyo ni yako. Mwaka ni 2552, sayari ya Reach ndiyo ngome kubwa ya jeshi la binadamu, na majeshi ya Covenant, muungano wa viumbe kutoka sayari nyingine, yameshatua. Wewe ni Noble Six, mgeni kwenye kikosi cha watu sita. Studio ya Bungie iliitoa gemu hii Septemba 2010, ikawa Halo yao ya mwisho, na kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote walizotengeneza.

Nasema hivyo kwa sababu ya jinsi inavyowaua wenzako. Jorge, lile jitu lenye roho ya huruma linalobeba bombomu mkononi, anakusukuma nje ya meli ya adui kisha anabaki humo kulilipua bomu yeye mwenyewe. Meli inakatika vipande viwili. Hata hujamaliza kushangilia, angani zinachomoza nyingine, msururu mzima, na kifo chake kinakuwa hakijazuia chochote. Kat naye anakimbilia mahali pa kujificha huku anaongea. Risasi moja ya kichwa, basi. Hapati hata nafasi ya kuaga.

Raia pia hawasahauliki. Kwenye misheni ya Exodus unapigana ili watu waondoke mjini, halafu chombo kilichojaa abiria kinadunguliwa ukiwa unakitazama.

Mapigano yenyewe ni matamu. Elite, askari hodari wa Covenant, ana akili: ukimvunjia ngao, anarudi nyuma kujikinga, na ukimfuata kichwa kichwa anakumaliza. Ngoma nzito za Martin O'Donnell na Michael Salvatori zinaingia pale pale zinapotakiwa. Kasoro zipo. Kat akishika usukani wa Warthog, gari la kijeshi, hakuna jiwe litakalosalimika. Na mtandaoni ile Armor Lock, inayomfanya mtu asidhurike kwa sekunde kadhaa, inaudhi mno, ilistahili kuondolewa.

Misheni ya Lone Wolf imenikaa moyoni kuliko zote. Unapewa amri moja tu: nusurika. Hakuna ndege inayokuja kukuchukua. Unaokota bunduki za maiti, unabana risasi, na kadiri unavyojeruhiwa kioo cha kofia kinaongeza nyufa mbele ya macho yako hadi unalenga kwa kubahatisha.

Kwenye kompyuta inapatikana tangu Desemba 2019, ndani ya Halo: The Master Chief Collection, mkusanyiko wa gemu za Halo. Nyuso za watu zimechakaa kidogo, ila inakwenda laini kabisa. Anza na kiwango kigumu cha Heroic, maana Easy, kile rahisi, inakupa nguvu zisizolingana na hadithi yenyewe. Na majina ya watengenezaji yakianza kupita, tafadhali usizime: Lone Wolf inakuja baada ya hapo.