Ukiona mataa ya ajabu angani usiku, cheki kwanza tovuti ya Aerospace Corporation

Wakuu, kila zikisambaa video za mataa yanayokatiza angani usiku watu wanakimbilia kombora, majini, mwisho wa dunia, wakati jibu mara nyingi lipo bure kwenye tovuti ya Aerospace Corporation ya Marekani, wana kitengo kinaitwa CORDS, kipo toka 1997, kazi yake kufuatilia vyuma vinavyorudi kutoka anga za juu. Unakuta listi ya setilaiti na vipande vya roketi, jina, siku kilivyorushwa, saa kinayotegemewa kuingia kwenye hewa, afu ukibofya inafunguka ramani ya njia kinayopita. Hulipii kitu.

Chukua ile ya Marekani ya 25 Machi 2021. Saa tatu usiku watu wa Seattle na Portland wanaona mistari ya moto inapita taratibu inamwaga cheche, simu zote juu. Mwanaastronomia Jonathan McDowell akaeleza kuwa ni kipande cha juu cha roketi ya Falcon 9 iliyorushwa tarehe 4 mwezi uleule, kilishindwa kuwasha injini ya kujishusha kikabaki kinazunguka tu mpaka hewa ikakivuta chini, na baadae tangi lake likaokotwa shambani huko huko jimbo la Washington. Na hiyo taratibu ndo alama kubwa. Kimondo kinaingia kwa kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, ukigeuka kimeisha, ila chuma kinakuja na 7 na ushee, tena kimelala karibu sambamba na ardhi, yaani unawahi kuita watu nje mkakiangalia kinavyomeguka.

Ila msiichukulie kama ratiba ya basi!! Makisio yana kosa la kama asilimia 20 ya muda uliobaki, zikibaki saa 10 basi ni saa 2 mbele au nyuma, na chuma kinamaliza mzunguko wa dunia kwa dakika kama 90, sasa piga hesabu mwenyewe. Hewa ya juu inavimba na kusinyaa kwa sababu ya jua, chuma nacho kinabiringika, hakuna wa kukutajia mtaa. Kwa hiyo mimi naipendea kazi ya baada ya tukio, umeona taa, unalinganisha saa na njia.

Saa zao ni UTC, yaani saa ya kimataifa, huku kwetu ongeza 3 na uangalie tarehe, ile ya Seattle kwa UTC ilishakuwa 26.

Kikianguka chini kabisa hiyo ni habari nyingine, kama ile pete ya chuma iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya, 30 Desemba 2024, upana mita 2.5, kilo kama 500, shirika la anga la Kenya ndo lilikuja kuichukua. Msishike, matangi mengine yanabaki na mafuta yenye sumu, piga simu polisi.

Nawapa nyota 4. Ramani fungulia kwenye kompyuta, kwenye simu ile mistari inabanana sana.